Udongo wa Kijivu Miguuni mwa Ami

Baba,

Nilicheka ndani ya shimo. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitajificha nyuma ya salamu, nami nimechoka kujificha. Ulitutoka karafuu za mwisho zikiwa bado juu ya majamvi, na hazikupita wiki nyingi mimi mwanao nikawa nimesimama ndani ya shimo, udongo umenifika kifuani, nacheka mpaka machozi yananitoka.

Hatujambo. Mama yumo ndani na eda yake, kwenye chumba kile ulichokuwa ukiweka kamba na mapakacha ya kuchumia. Nguo zake ni nyeupe siku zote, hapaki wanja wala hina, na akija mgeni mwanamume sauti yake haivuki pazia. Anakula kidogo. Yule mbuzi wako mkorofi amezaa, na hajaacha kula mikeka ya watu. Mchele wa meli bado hauji kwa ajili ya vita, kwa hiyo ni mhogo asubuhi na mhogo jioni, na mama husema wewe ungeupenda mwaka huu kwa kuwa hukuupenda mchele tangu zamani.

Ami Faki ndiye anayetutazama sasa. Hakunitoa skuli. Nilidhani atanitoa wiki ile ile ya matanga, maana nakumbuka alivyokwambia pale barazani: "Mtoto wa kike na ardhi ni kulima tu, kaka. Kuisoma ya nini?" Na wewe ukamjibu bila kuacha kusuka kamba yako: "Ndiyo inayomlisha, kwa nini asijue ilivyo?" Hajanitoa, lakini kila asubuhi ananitazama ninavyofunga buku langu kwenye kanga kama mtu anayetazama chungu cha mwenzake kikiungua.

Baba, unaikumbuka siku uliyowaambia watu wa barazani kwamba dunia inazunguka? Ulikuwa umelipata kwangu siku ile ile, bado la moto. Mzee Shaame akakucheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kombo, kama yazunguka, mbona nyumba yako i pale pale na deni la kuezeka paa li pale pale?" Ukamwambia, "Nayo yazunguka, nawe wazunguka, ila wewe umelala." Walikutania mwezi mzima. Kila ulipopita walishika nguzo za baraza na kupiga kelele, "Tushikeni, tushikeni, twaanguka!" Ulirudi nyumbani ukitabasamu, ukakaa chini, ukaniambia vile vile kama kila siku: "Haya, mwalimu wangu. Nipa la leo."

Nami nilikupa kila siku isipokuwa moja. Jioni ile homa ilikuwa imekuanza, umejifunika shuka, ukaniuliza. Nilikuwa nimechoka kwa njia ya kutoka skuli kule Chake na jua. Nikasema, "Kesho, baba." Ukasema, "Haya." Kesho yake hukuwa mtu wa kusemeshwa. Somo lile nilibaki nalo, na lilikuwa somo la mvua inapokwenda ikishaingia ardhini.

Acha nikupe sasa, kwa sababu bila hilo hutaelewa nilichofanya.

Bi Zuhura, mwalimu wetu aliyetoka Unguja, alituanzishia mwaka huu jiografia ya maumbile. Si ile ya majina ya nchi na mito ya mbali. Hii ni ya ardhi yenyewe. Alituambia tusiitazame dunia kama mkeka uliotandikwa watu wakakaa juu yake. Alisema kuna mawe na udongo, kuna maji, kuna hewa, na kuna vyenye uhai, na hivi vinne vinakaa kama majirani wa ua mmoja. Hakuna siku inayopita bila mmoja kumpa mwenziwe kitu. Mti unakunywa maji, unatoa mvuke. Mvuke unakuwa wingu, wingu linarudi mvua. Mvua inalainisha jiwe, jiwe linakuwa udongo, udongo unashika mti. Ukimgusa mmoja, alisema, umewagusa wote. Wasichana walikuwa wanacheka kwa jinsi anavyosema Kiunguja chake, lakini mimi sikucheka. Niliona kama ametoa pazia.

Na mvua, baba, haiishii pale inapoangukia. Nyingine inakimbia juu ya ardhi mpaka mtoni. Nyingine inazama. Inateremka polepole ndani ya udongo wa kilimani, inafuata mteremko gizani, hata inafika bondeni na kukuta udongo uliokwisha kujaa. Hapo haina pa kwenda, basi inapanda. Ndiyo maana kisima cha bondeni wakati wa masika unaweza kuchota kwa mkono, na wakati wa kiangazi kamba yote inakwisha. Hilo ndilo somo nililokuwekea kesho.

Sasa shimo.

Bi Zuhura alitaka tuione ardhi kwa ndani. Tuliazima majembe, tukachimba chini ya skuli, karibu na mashamba ya mpunga, sisi wenyewe, kanga zimefungwa viunoni. Watu waliopita njiani walisimama. Mmoja akauliza tunamzika nani. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, hapo ndipo nilipoanza. Shimo lilipofika kina chake Bi Zuhura akasema ashuke mmoja mwepesi, aguse kila tabaka na kulitaja. Nikashuka mimi. Nikateleza, nikakaa kitako matopeni, na darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka kuliko wote. Tangu ulipofariki sikuwa nimecheka hata kwa sauti ndogo, na kilipotoka kilitoka chote, nikashindwa kukizuia.

Kisha nikaanza kutaja. Juu palikuwa na udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake wa kahawia. Chini yake mwekundu, mzito, unaonata vidoleni. Na chini kabisa, pale nilipokuwa nimesimama, udongo wa kijivu wenye mabaka ya rangi ya kutu, unyevu, baridi kama tumbo la samaki.

Bi Zuhura alieleza kutoka juu. Udongo wetu una chuma ndani yake, alisema, na chuma kikipata hewa kinakuwa chekundu kama jembe lililoachwa nje. Maji yakikaa muda mrefu yanaifukuza hewa, na udongo unapoteza wekundu wake, unabaki kijivu. Mabaka yale ni mahali ambapo hewa ilipenya kidogo maji yaliposhuka. "Mkiuona udongo huu," akasema, "hata kama ni kiangazi na pamekauka vipi, jueni hapo masika maji hupanda na kukaa." Kisha akauliza, "Nani kati yenu amewahi kuuona nyumbani?"

Baba, niliinua mkono. Niliinua mkono upesi, kabla ya wote, kama ninavyofanya nikijua. Nikasema, "Mimi, bibi. Niliuona kwenye miguu ya ami yangu." Akasema, "Vizuri sana, Riziki," na nikaona furaha. Nilikuwa nimepata. Nilikuwa nimekaa katikati ya furaha ile, naitazama miguu yangu, nilipokumbuka ni lini nilipoiona miguu ya ami.

Ilikuwa siku ya kuzikwa kwako.

Unajua sisi wanawake hatuendi kuzika. Jeneza lilipotoka uani, mama alishikwa na shangazi wawili, mimi nikaachwa na ndoo na kata niwamiminie maji wanaume wakirudi. Wakarudi. Nikamimina. Ami Faki alinyoosha miguu yake, na kwenye visigino na kati ya vidole palikuwa na udongo wa kijivu wenye mabaka ya rangi ya kutu, bado una unyevu. Niliuosha kwa mkono wangu. Niliutazama kwa sababu sikutaka kumtazama usoni. Kisha nikamsikia mama akiuliza kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo sikuijua, "Shemeji, pakavu?" Na ami akajibu, "Pakavu, shemeji. Pakavu kama unga wa mhogo."

Mama amekaa juu ya neno hilo tangu siku ile. Wewe unajua alivyo na hofu ya maji tangu mto ulipomchukua nduguye utotoni. Watu wakija kumpa pole anawaambia, "Alhamdulillahi, kalazwa pakavu." Analisema akisinzia. Mimi namletea uji, namsikia, nainamisha kichwa.

Kwa hiyo ndivyo nilivyofanya, baba. Nilisimama mahali panapofanana na kaburi lako, nikacheka, kisha nikalitoa kaburi lako mbele ya darasa lipate kunipa sifa. Sikukusudia. Bi Zuhura hakujua, wenzangu hawakujua. Lakini mkono uliinuka, na ulikuwa wangu.

Wiki ile sikuweza kusoma. Nilitaka nisijue. Nilijaribu hata kujiambia kwamba ami alipita bondeni akitoka makaburini, akakanyaga matope njiani. Lakini ilikuwa kiangazi, na njia ya makaburini ni ya vumbi mwanzo mpaka mwisho. Udongo ule haupatikani juu. Unapatikana kwa kuchimba tu.

Na masika yalikuwa yanakuja. Mawingu yalianza kukaa upande wa kusini kila alasiri. Watu walifurahi, wakatoa mbegu. Mimi kila nilipoyaona nilifikiria kiunza, zile mbao ulizofunikwa nazo, na maji yanayoteremka polepole gizani kutoka kilimani. Najua, baba, wewe hupo pale. Shehe alitufundisha kwenye chuo cha Kurani, na naamini. Lakini nilikuwa na mikono inayokumbuka udongo.

Kulikuwa na jambo moja la kufanya, nalo nililiogopa. Kama maji yanatoka juu ya mteremko, yanaweza kukatwa njiani. Mtaro ukichimbwa upande wa juu wa makaburi, ukaelekezwa mtoni, maji mengi yatafuata mtaro. Bi Zuhura alitufundisha hivyo kwa ajili ya mashamba. Lakini mimi siwezi kwenda makaburini na jembe. Ilikuwa lazima nimwambie ami Faki, na kumwambia ni kumwambia kwamba najua alisema uongo. Tena ni kumpa sababu ya kunitoa skuli. Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningemtoa mtoto kama mimi.

Nilikwenda kwake siku ambayo hapakuwa na mtu. Alikuwa anafua nazi. Nikamwamkia, nikakaa mbali kidogo.

Nikasema, "Ami, baba hakulazwa pakavu."

Nazi ikabaki kwenye kifuo. "Nani kakwambia?"

"Miguu yako."

Akaitazama miguu yake, baba. Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Kisha akapandisha sauti. "Kha! Ndiyo elimu hiyo? Mwapelekwa Chake kusoma miguu ya watu wazima? Kesho utasoma matumbo yetu!" Akasema mengi. Akasema ndiyo maana alikukataza. Akasema kaburi halifukuliwi, na kama skuli inafundisha kufukua makaburi basi mwisho wake ni leo. Nilikumbuka kwamba nikinyamaza sasa sitasema tena. Nikamwambia, "Sisemi kufukua, ami. Nasema maji yazuiwe njiani, kabla hayajamfika."

Akazikusanya zile nazi kwa mguu, moja moja, mpaka zikawa rundo. Aliposema tena alikuwa anasema na zile nazi. Alisema walianza kuchimba juu, wakakuta jiwe. Wakahamia pembeni, wakakuta jiwe. Watu wamesimama na jeneza kwenye jua, shehe anangoja. Wakashuka chini, na jembe likazama kama linaingia kwenye ugali. Alipoona rangi ya udongo alijua. "Ningemwambiaje mamako? Alikuwa ameshikwa na watu." Akafuta uso wake kwa kanzu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mvua ndogo ya juzi ilipopiga paa alikaa kitako kitandani mpaka ikakatika.

Nilidhani ni mimi peke yangu, baba.

Mwisho akauliza, akijifanya hajali, "Na huyo bibi wenu wa Unguja, mtaro asema uwe upande gani?"

Nikamchorea mchangani kwa kijiti. Nikachora mlima, nikachora makaburi, nikachora mto. Akaniuliza mambo mazuri, kama uliyokuwa ukiuliza wewe. Kina chake? Ukikutana na jiwe? Nikasema, jiwe likiwa karibu na uso wa ardhi na maji yanapita juu yake, basi ni vizuri, mtaro ufike kwenye jiwe tu. Akaenda na Mzee Shaame na wengine wawili. Hakuwaambia kwa nini. Aliwaambia analinda makaburi ya wazee, na ni kweli, maana wako pale wengi. Mzee Shaame akalalamika kwamba tangu Kombo aizungushe dunia watu hawapumziki, kisha akachimba kuliko wote.

Mimi sikuona hata jembe moja likianguka. Lakini ami aliniletea udongo. Alirudi na vijifurushi vya majani ya mgomba, akaviweka mbele yangu na kusema, "Huu wa kina cha mkono mmoja, huu wa mikono miwili, huu wa chini kabisa. Soma." Nikafungua. Wa chini ulikuwa mwekundu una unyevu, na mabaka machache. Nikamwambia wachimbe kidogo zaidi. Wakachimba. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kunipa kitu nikisome badala ya kuniuliza nimesoma nini.

Nilimwuliza Bi Zuhura pembeni, bila kutaja kaburi, kama mtaro unatosha. Hakunifariji. Alisema mtaro unakata maji yanayoteremka. Yanayopanda kutoka chini bondeni, yale mtaro hauyawezi. Nikauliza ni kiasi gani kitapungua. Akasema hajui, hajaiona ardhi yenyewe. Nilimchukia kidogo, kisha nikamheshimu.

Masika yakaingia. Mvua ya kwanza kubwa ilikuja asubuhi, kiza kama magharibi, paa likawa linatoa sauti moja tu. Nilikuwa nimekaa na mama, namchana nywele. Mlango ukafunguliwa, nikatoka mbele ya pazia nikamkuta ami Faki amesimama hapo uani, maji yanamtiririka, amesahau kubisha hodi, anapiga kelele kama mtoto: "Riziki! Mtaro waenda kama mto! Wajaa mpaka ukingoni, waenda!"

Na mama, nyuma ya pazia, akauliza, "Mtaro gani?"

Ami akanitazama mimi. Mvua ilikuwa kubwa, ningeweza kujifanya sikusikia. Nikasema, "Wa shamba, mama." Akasema, "Mungu aubariki." Kisha, kama kawaida yake, "Na babako yuko pakavu." Nikasema, "Ndiyo, mama."

Basi sasa tuko wawili, mimi na ami, na uongo wake umekuwa wangu. Nilimlaumu moyoni kwa neno moja alilolisema kwa huruma, na mimi nimelisema hilo hilo, kwa huruma hiyo hiyo, bila hata jeneza kusimama juani. Tena mimi najua zaidi kuliko yeye alivyojua siku ile. Ami anasema tuache, mtaro unafanya kazi, mwanamke amepata amani yake, kwa nini aivunje mtoto? Ana haki ya kuuliza hivyo. Nimeliwaza swali lake. Nina hili tu: mama akitoka edani ataanza kuchota maji, atapita kule, watu wanazungumza, Mzee Shaame hana kifua. Atalijua. Na atakapolijua nataka awe amelipata kwangu, nikiwa nimekaa mbele yake, si kisimani kati ya ndoo za watu.

Eda inakwisha kesho. Shangazi wamekwisha kumletea kanga ya rangi. Naandika haya alasiri, mvua imesita, na mama analala. Ninakuomba radhi kwa kicheko, na kwa mkono ulioinuka. Sikuombi radhi kwa kujifunza, nilitaka kukuomba na nimeshindwa, kwa sababu hili somo ndilo lililonionyesha unapolala. Ningekuwa sikulisoma, ningekuwa nimekuosha kutoka kwenye miguu ya ami na kukumwaga uani, basi.

Nakuahidi hivi. Kesho asubuhi mama akishaoga, kabla wanawake hawajaja kumpongeza, nitakaa naye nimwambie. Nitamwambia ulilazwa kwenye udongo wa kijivu kwa sababu juu kulikuwa na jiwe. Nitamwambia ami alikesha kitako kwa ajili yako. Nitamwambia maji ya juu tumeyageuza, na akiniuliza kuhusu ya chini nitasema sijui, na kwamba bado nasoma. Akilia nitalia naye. Akininyamazia nitangoja. Lakini sitaongeza neno hata moja la kumtuliza ambalo silijui kuwa kweli.

Mola akuweke kwenye rehema yake, baba, akusamehe na anisamehe. Nakuacha hapa, namsikia mama ameamka.

Mwanao,
Riziki